Mstari wa Mia Tatu na Kumi na Tatu

Saa tisa usiku hapa Tartu. Dirishani barafu imeota manyoya,
radieta inakohoa.
Kwenye skrini vijiti vya mwanga vinashuka:
buluu kwa mkono wa kulia,
rangi ya chungwa kwa wa kushoto,
kila noti kijiti chake, kianguke
kigonge kibao, kimeremete, kizimike.

Nimeiandika mwenyewe, mistari mia tatu na kumi na miwili.
Nimeiambia kompyuta: soma faili,
noti imeguswa lini, imeachiwa lini, kwa nguvu kiasi gani,
iliyo chini ya do ya kati ihesabu ni ya kushoto,
kisha chora, fremu sitini kila sekunde,
usichoke, usikisie.
Haikuchoka. Haikukisia.
Ila rangi ya chungwa ilichelewa.

Si sana. Nusu ya kupepesa jicho.
Buluu imeshatua, chungwa bado iko hewani,
kama mgeni anayehangaika na kamba za viatu mlangoni
na wenzake wameshapakuliwa supu.

Nikajilaumu. Nani mwingine?
Nikapekua kitanzi baada ya kitanzi,
nikabadilisha kebo, nikazima, nikawasha,
dawa ya mafundi wote duniani.
Mwisho nikaongeza mstari mmoja:
kila noti ya kushoto, isogezwe mbele milisekunde arobaini na mbili.
Nikacheza upya.
Vyote vikatua pamoja, kwata ya askari.
Safi kabisa,
na sikutaka kuusikiliza tena.

Basi nikaacha picha, nikafungua tarakimu tupu.
Nguvu, kulia: sabini, sabini na mbili, sitini na nane.
Nguvu, kushoto: thelathini na moja. Ishirini na tisa. Kumi na nne.
Kumi na nne!
Mwalimu Helve Raudsik, aliyekuwa akinigonga kifundo kwa penseli
kila kidole changu cha kushoto kilipolala.

Oktoba alilazwa wiki mbili. Mafua, alituambia.
Na Jumanne, nilipomfungia kamera juu ya piano,
alisema, "Mikono usiipige picha. Chukua sauti,
hayo mengine chora."
Nikadhani ni haya ya uzee. Nikaenda jikoni kukata mkate.

Nikashuka na tarakimu mpaka ukurasa wa tatu.
Pale pengo lilikuwa linafifia: thelathini, kumi na tisa, nane.
Wa kushoto haukuwa umeongeza mwendo.
Ni wa kulia uliokuwa umeanza kungoja.
Kila mwisho wa sentensi ya muziki ukasita kidogo,
ukamshikia mwenzake mlango.
Mkono mmoja haulei mwana, husema waliolea;
huu ulikuwa unalea mkono.

Nikaufuta mstari wa mia tatu na kumi na tatu.
Kukapambazuka saa tatu kasoro, ile alfajiri yetu ya Januari
inayokuja kama mtu aliyelazimishwa.

Jumamosi nikampelekea. Alivaa miwani miwili,
mmoja juu ya mwingine,
akatazama hadi mwisho, hakusema neno.
Paka akapita mbele ya skrini, akamsukuma kwa goti.
Nikasubiri aniulize kama nimejua.

"Hii ya machungwa," akasema,
"mbona umeifanya hafifu?"

Nikaeleza: mwangaza unafuata nguvu ya pigo,
kibao kikiguswa polepole, rangi nayo hupungua,
ndivyo nilivyopanga.

"Ulipanga vibaya.
Huu wa kulia ulikuwa unacheza tu.
Aliyetumia nguvu ni huyu."
Akauinua kwa ule mwingine, akauweka mapajani,
nao ukakaa pale, umekunjika kidogo.

Nimerudi mezani. Radieta ile ile.
Faili lina safu ya wakati, safu ya noti, safu ya nguvu,
na safu ya kanyagio.
Nazipitia tena kutoka juu,
natafuta aliyoitaja.